Mafundi wa kompyuta Mombasa, acheni kufuta draivu C za watu bila kuuliza!

Jamani, haya mambo yamezidi na lazima yasemwe. Mtu ana laptopu inawaka polepole, au ameambiwa Windows 10 haipati tena masasisho ya usalama tangu tarehe 14 Oktoba 2025, anaipeleka kwa fundi. Iwe Moi Avenue, Digo Road au Kongowea, mchezo ni ule ule. Fundi anachomeka flashi yake ya Windows, anafika pale pa kuchagua mahali pa kuweka mfumo, anabonyeza Delete kwenye kila patisheni (vipande vya diski, kama C yenye Windows na D ya kuhifadhia vitu) hadi diski nzima ibaki tupu, anabonyeza Next, kazi imekwisha. Mashine inarudi ikiwa nyepesi kama mpya. Mwenye mali anavuka feri, anafika kwake Likoni, anafungua: hakuna hati za duka, hakuna picha za marehemu mzazi, hakuna tasnifu. Akipiga simu anajibiwa, "Si wewe ulisema nikuwekee Windows?"

Hilo si jibu. Kuweka Windows na kufuta diski ni kazi mbili tofauti, na fundi anayejiita fundi anajua hivyo.

Kinachoniudhi zaidi ni lile swali moja wanalouliza wale wanaojifanya waangalifu: "Vitu vyako viko D?" Mteja anajibu, "Viko hapo kwa desktopu." Fundi anaitikia kwa kichwa na anaendelea kufuta C! Desktopu ni folda ya kawaida kabisa, na iko ndani ya C, kwenye C:\Users\ kisha jina la mtumiaji, kisha Desktop. Documents, Downloads na Pictures zimo humo humo. Ukifuta C umefuta vyote. Mteja ana haki ya kutojua hilo. Fundi hana.

Na hata anayenakili folda ya mtumiaji hajamaliza. Kwenye ofisi za maajenti wa kutoa mizigo bandarini na kwenye maduka ya Biashara Street, hesabu nyingi huwa hazimo ndani ya folda yenye jina la mtu. QuickBooks ya kompyuta, kwa mfano, isipobadilishwa huweka faili za kampuni ndani ya C:\Users\Public\Documents. Ukinakili folda yenye jina la bosi ukaacha Public, umemwachia picha za harusi na umemtupia vitabu vya hesabu. Barua pepe za Outlook za mtindo wa zamani, zile faili zinazoishia na .pst, kwa kawaida ziko Documents, ndani ya Outlook Files. Alama za kurasa na nywila za kivinjari ziko kwenye AppData, folda iliyofichwa. Huioni mpaka uwashe Hidden items kwenye menyu ya View. Hivi vyote ni vya kuuliza kabla: unatumia programu gani ya hesabu, barua pepe unafungulia wapi, kuna watumiaji wangapi kwenye mashine hii.

Sasa kuhusu hiyo D inayosifiwa. Mara nyingi C na D ni diski moja iliyogawanywa mara mbili. D inakuokoa Windows ikiharibika. Haikuokoi diski yenyewe ikifa, kwa sababu zinakufa pamoja. Tena kwenye ukurasa wa kuweka Windows huoni herufi C wala D. Unaona Drive 0 Partition 1, Partition 2, na kuendelea, pamoja na ukubwa wake. Asiyeandika ukubwa wa kila patisheni kabla ya kuzima mashine anafuta kwa kubahatisha. Na msishangae diski ya GB 500 ikisoma 465: kiwanda kinahesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, Windows inahesabu 1,073,741,824. Hakuna aliyeiba.

Njia isiyopoteza kitu ipo, na wala haihitaji akili ya ajabu. Nakili kwanza kwenye diski ya nje. Kisha kwenye ukurasa ule ule wa kuchagua patisheni, chagua ile ya Windows ya zamani bila kubonyeza Delete wala Format. Mfumo utakuonya kwamba faili za zamani zitahamishiwa folda inayoitwa Windows.old. Kubali. Mashine ikiwaka, ingia C:\Windows.old\Users na vitu vya mteja utavikuta humo. Lazima kuwe na nafasi ya kutosha kwenye C, na msiiache humo mkidhani ni ghala, maana Windows yenyewe huja kuifuta baadaye.

Wanaotoa hard disk (diski ya kuzunguka) na kuweka SSD (diski ya chipu, isiyozunguka), nanyi sikilizeni. Ile diski ya zamani ni mali ya mteja. Mrudishieni mkononi! Ikiwa nzima, inatiwa kwenye kasha la USB na inasomeka kama flashi. Kubaki nayo dukani, au kuiuza ikiwa na vitambulisho na hati za watu, ni kuwasaliti waliokuamini.

Wateja, kabla ya kukabidhi mashine fungueni C, kisha Users. Wekeni mshale juu ya folda yenye jina lenu, bonyezeni kitufe cha kulia cha mausi, chagueni Properties. Itahesabu na kuonyesha ukubwa na idadi ya faili, tuseme GB 48 na faili 21,300. Piga picha skrini hiyo kwa simu, fundi akiona. Siku ya kuchukua, fanyeni vile vile kwenye nakala kabla ya kulipa. Ikisoma GB 3, hamjarudishiwa vitu vyenu, hata kama folda zina majina yale yale. Na kama mashine imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la Windows linalofunga data ya diski, tafuteni ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye akaunti yenu ya Microsoft mapema. Fundi akigusa mipangilio ya BIOS (ile ya msingi inayowasha mashine) au akibadilisha bodi kuu, mashine inaweza kuudai, na bila huo hakuna mtu wa kuifungua.

Kama tayari wamefuta, zima mashine na usiitumie. Usiweke programu ya kuokoa faili kwenye diski ile ile, kwa sababu utaandika juu ya unachokitafuta. Hard disk iliyofomatiwa haraka bado ina tumaini, kwani kilichofutwa hapo ni orodha tu, data iko palepale hadi iandikiwe juu. SSD ni habari nyingine. Windows huiambia ni sehemu zipi hazihitajiki tena, nayo huzisafisha yenyewe. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa kuliko miaka ile ya nyuma: kosa lile lile leo halirekebishiki.

NAONGEZA: Ndugu mmoja ameniuliza afanye nini na flashi iliyotoka saiba ikiwa imejaa vijishale (shortcut) badala ya folda zake, na mtu wa saiba anamwambia aifomati. Ndugu, usiifomati, hata akishikilia. Na usibonyeze vile vijishale, maana ndivyo vinavyoendesha virusi. Angalia kwanza Properties ya flashi. Kama inasema GB 9 zimetumika ilhali unaona vijifaili vya KB 2, vitu vyako vimo, vimefichwa tu. Iskani kwa Windows Security, kisha fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Kama flashi ni E, andika:

attrib -s -h -r /s /d E:\*

Subiri imalize. Folda zitarudi, wakati mwingine zikiwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Nakili hati na picha zako peke yake kwenye kompyuta, acha chochote kinachoishia na .lnk, .vbs au .exe usichokijua, halafu ndipo uifomati flashi. Kwenye aina ya fomati chagua exFAT, si FAT32, kama unabeba video, kwa sababu FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4.