Shafti imekatika tena: fundi, kibovu ni tundu lako, si chuma changu

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nina mashine ya kukoboa mpunga huku Chekereni, na huu ndio msimu. Shafti yake ina tundu katikati la kupitisha upepo: kipenyo milimita 20, kina milimita 400. Karakana moja Moshi mjini ilinichongea mpya kwa chuma cha 4140 (aina imara ya kuchongea shafti) nilichonunua mwenyewe. Wiki ya sita imekatika, magunia ya watu yamejaa uani. Fundi ananijibu, "Bosi, chuma chako feki."

Feki kitu gani! Nilikuwepo akitoboa. Biti butu imeungwa mkono mrefu, inalia, chenga za chuma zinatoka za bluu, mafuta anadondoshea kwa chupa ya maji iliyotobolewa kizibo. Yanafikaje mwisho wa shimo lenye kina mara 20 ya kipenyo chake?

Kazi hii ina biti yake. Mafuta yanasukumwa kwa presha kupitia ndani ya biti mpaka kwenye ncha, yanarudi na chenga. Pedi za pembeni mwa biti hiyo zinaugandamiza ukuta wa tundu, chuma cha chini kinabaki kimebanwa, ufa unapata taabu kuanza. Biti butu na kavu inauchoma. Ukuta ukipita nyuzi 700 na kitu, kisha chuma baridi kilichouzunguka kikalinyonya lile joto ghafla, unabaki utando mgumu unaovunjika kama kioo, mwembamba kuliko unywele. Chini yake chuma kimelegezwa na moto, na ukuta wote unabaki unajivuta wenyewe kama unataka kupasuka, hata shafti ikiwa mezani. Ukichungulia, tundu linang'aa. Mteja analipa.

Nimeupasua mkatiko. Mistari imejipanga kama alama za maji kupwa, yote inaanzia ndani ya tundu, hakuna hata mmoja ulioanzia nje. Nikapitisha tupa ukutani, ikateleza kama kwenye jiwe. Nje ya shafti ileile tupa inakula vizuri tu. Kijana wangu mmoja chuoni Arusha akakata kipande, akakisugua, akakipaka asidi ya naitriki iliyochanganywa na spiriti, akakiweka kwenye hadubini. Ukingo wa tundu mweupe, ndio ule utando mgumu, ndani yake nyufa.

Picha nimempelekea fundi. Hajafungua. Anasema nilete chuma kingine atoboe, na nilipe tena.

Silipi. Nataka hela yangu. Na mwenye kujua karakana Moshi au Arusha yenye biti ya kupitisha mafuta ndani, aniambie leo, nipakie shafti kesho alfajiri.