Wakuu, kumpandisha mtoto wa mwaka na miezi minane Morningside Jumamosi hii ni busara?

Baba Kisamvu (mleta mada), Alhamisi
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri wa haraka. Tunakaa Kivule, mimi, wife na mtoto wetu mmoja, ndio kwanza kaanza kukimbia. Nimepanga Jumamosi asubuhi tudandie SGR pale Pugu, tushuke Morogoro, tupande Uluguru kwa miguu hadi Morningside kwenye ile nyumba ya Wajerumani. Tulale mjini, Jumapili turudi na miche ya stroberi tuje tuipande bustanini kwetu. Swali langu ni moja tu: mtoto nimbebe mgongoni mwenyewe au nimlipe kijana wa kule?

Mluguru Halisi
Swali gani hili? Kwetu mtoto anashuka sokoni mgongoni mwa mama yake, na kichwani mama kabeba beseni la maharage, njia yenyewe upana wa nyayo mbili. Bibi yangu alibebwa hivyo. Huyo bibi ndiye aliyekuwa anatusimulia fujo za 1955, Mwingereza alipowalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi mlimani kote. Udongo mzuri ukafukiwa chini, mbaya ukaja juu, mahindi yakagoma, na watu nao wakagoma. Sijui nimefikaje huku. Panda tu mkuu.

Mama Wawili
Baba, hesabu muda kwanza. Utoke Kivule, usubiri treni, ushuke Moro, mtoto ale, abadilishwe nepi. Mnaanza kupanda jua la utosi! Mlima ule unataka uanze saa moja asubuhi. Beba mbeleko, sweta (juu kule ukungu ukishuka ni baridi kweli), uji kwenye chupa ya chai na nguo mbili za kubadili. Mimi ningeahirisha, mngetangulia Ijumaa ya wiki ijayo mkalala mjini. Kwani wiki ijayo kuna nini?

Baba Kisamvu
Wiki ijayo haiwezekani. Lazima iwe hii. Tiketi nimeshakata.

Shemeji wa Taifa
Mwanaume anayehamisha familia nzima wikiendi kwa lazima anadaiwa kodi. Mwenye nyumba anakuja Jumamosi saa ngapi? 😂

Baba Kisamvu
Sidaiwi na mtu, nyumba ni yangu. Nataka tu familia ikae mbali na bustani siku mbili tatu. Kuna dawa nimepiga kwenye nyanya.

Bwana Shamba Mstaafu
Sasa tuongee. Dawa gani, ya mdudu gani, umepiga lini?

Baba Kisamvu
Mdudu ni kantangaze, mkuu. Majani yalianza michirizi myeupe kama mtu kachora kwa chaki, nikapasua nyanya moja nikamkuta kiwavi ndani. Jina la dawa sijui. Nilipimiwa dukani kwenye chupa ya maji ya nusu lita, kifuniko cha bluu. Nikaweka vifuniko viwili kwenye bomba la lita 16, jana jioni. Barakoa nilivaa. Muuzaji kasema siku tatu zinatosha.

Bwana Shamba Mstaafu
Siku tatu za dawa gani, kama haina jina? Kantangaze yupo nchini tangu 2014 na amewatesa wakulima wakubwa kuliko wewe, naelewa uchungu wako. Lakini siku za kusubiri kabla ya kuvuna zinasomwa kwenye lebo, na kila dawa ina zake. Ya kupimiwa kwenye chupa hujui kama hata imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Tena usidanganyike na kuosha, zipo dawa zinazoingia ndani ya tunda. Nyanya zote zilizokomaa sasa ng'oa, fukia. Mtoto ameingia humo?

Baba Kisamvu
Leo asubuhi nimemkuta ameshika moja, nikamnyang'anya kabla hajaitia mdomoni. Nikamnawisha kwa sabuni. Yuko fresh, anacheza.

Bwana Shamba Mstaafu
Mwangalie. Ukiona mate yanamtoka ovyo, anatapika, analegea, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, kimbia hospitali na hiyo chupa mkononi. Usimpe maziwa ukadhani umetibu.

Mama Wawili
Mama yake anajua?

Baba Kisamvu
Hapana, na msinihukumu. Wife huchuma kila Jumamosi jioni, anafunga kwenye vifuko, Jumatatu anawauzia wenzake kazini. Kabandika na karatasi: NYANYA ZA NYUMBANI, HAZINA DAWA. Akiwa Morogoro hatachuma. Tukirudi nitasema ndege wamekula. Nimefikiria sana, naona ndio njia yenye amani.

Mtumishi
Ndoa ni uwazi, ndugu. Leo nyanya, kesho kimada.

Shemeji wa Taifa
Ndege gani wale matuta manne kwa siku mbili, tembo wenye mabawa?

Jicho la Tatu
Nyie mnakunywa chai na mnaomba sukari. Machi mwaka huu mleta mada alifungua uzi kapanga chumba kimoja Mburahati, jirani anampigia muziki usiku. Leo ana nyumba Kivule, matuta manne na bomba la lita 16. Chai, tena ya tangawizi.

Baba Kisamvu
Ule uzi nilimwandikia mshkaji wangu.

Jicho la Tatu
Sote humu tunawaandikia washkaji zetu.

Mluguru Halisi
Iwe chai isiwe chai, chupa za kupimiwa mimi nimezinunua mwenyewe. Endelea Bwana Shamba.

Baba Kisamvu, Jumamosi usiku
Mrejesho. Tupo Morogoro. Morningside hatukufika. Mtoto kaona kijito njiani, kagoma mgongoni, kagoma kutembea, anataka kutupa mawe majini. Saa nzima na nusu, jiwe moja moja. Nikamwambia wife palepale. Hakunijibu. Kachukua simu, kaandika kwenye grupu la kazini kwake: Jumatatu hakuna nyanya, MUME WANGU kapiga dawa. Hivyo hivyo, herufi kubwa. Kesho tukifika anasimamia mwenyewe nikizifukia.

Jicho la Tatu
Uzi bila picha.

Mama Wawili
Mtoto anaendeleaje?

Baba Kisamvu
Mzima, kalala na jiwe mkononi.

Shemeji wa Taifa
Wakuu, miche ya stroberi hapo Moro wanauzaje?