Je, mtu anaweza kujenga maisha kwa utafiti wa baiolojia hapa Tanzania?

Zuolojia_Moro:
Wakuu, heshima kwenu. Nimehitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya wanyama kwa GPA ya 3.6, na sasa nina nafasi mbili mkononi. Ya kwanza ni kufundisha baiolojia katika sekondari ya binafsi. Ya pili ni mkataba wa mwaka mmoja wa usaidizi wa utafiti katika mradi wa mbu waenezao malaria, Bonde la Kilombero. Utafiti ndio nilioutamani tangu kidato cha tano, lakini mimi ni mtoto wa kwanza na nina wadogo wanaonitegemea kwa ada, hivyo siwezi kuamua kwa mapenzi peke yake. Naomba walio ndani ya kazi hii waniambie: mkataba ukiisha, mtu huenda wapi? Na kutoka usaidizi hadi kuitwa mtafiti, njia ikoje?

Dada_wa_Mbu:
Mdogo wangu, hongera kwa kuhitimu. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba huku, kwa walio wengi, mshahara unatoka kwenye mradi. Mtafiti mkuu huandika andiko la kuomba fedha, mfadhili akilikubali fedha huja kwa miaka mitatu au mitano, na mikataba yenu nyote, kuanzia dereva hadi mchambuzi wa takwimu, hufuata umri wa fedha hizo. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwaka 2025, wapo wenzetu waliopokea barua za kusitishiwa mikataba ilhali sampuli zao zingali kwenye friza.

Kazi yenyewe naipenda, na nitakueleza ilivyo. Jioni unatundika mtego wa taa karibu na miguu ya mtu aliyelala ndani ya chandarua. Alfajiri unauchukua, unawaua mbu kwa baridi, kisha unakaa na darubini ukitenganisha Anopheles, yaani mbu waenezao malaria, na Culex, jike na dume, aliyeshiba damu na asiye na kitu tumboni, na kila mmoja anaingia kwenye kichupa chenye namba yake. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatofautishiki hata kwa darubini. Ni kipimo cha vinasaba kiitwacho PCR kinachowatenganisha, na vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, huagizwa nje na vinaweza kukwama forodhani kwa wiki kadhaa. Ukikosea namba ya kichupa uwandani, hakuna maabara itakayokusahihishia.

Ukienda Kilombero, usikubali kubaki kwenye mitego tu. Omba ufundishwe PCR, na ujifunze kuchambua takwimu kwa programu ya R, ambayo ni ya bure. Mradi ukifungwa, wanaoitwa mapema na mradi unaofuata ni wale wanaoweza kukusanya, kupima na kuchambua.

Mhadhiri_wa_Baiolojia:
Naendelea alipoishia dada. Matangazo ya ukufunzi msaidizi katika vyuo vikuu vyetu kwa kawaida hutaka GPA isiyopungua 3.8, kwa hiyo mlango huo kwako umefungwa kwa sasa. Uliobaki wazi ni wa miradi: msaidizi anayeaminika hulipiwa shahada ya uzamili ndani ya mradi, na utafiti wake unakuwa sehemu ya andiko lililokwisha kufadhiliwa. Baada ya hapo ni uzamivu, na kwa mtu wa wadudu usisahau ICIPE ya Nairobi, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, ambayo imewasomesha Waafrika wengi hadi ngazi hiyo.

Linaloniuma ni kwamba maswali mengi tunayoyatafiti yamepangwa na mwenye fedha, na mwenye fedha yuko mbali. Umoja wa Afrika uliweka lengo la kila nchi kutenga asilimia 1 ya pato lake la taifa kwa utafiti, na nchi nyingi bado hazijalifikia. Ndiyo maana namsihi kila kijana awe na swali lake mwenyewe, alilolipata kwa kuwatazama mbu wa kijiji fulani, si kwa kusoma tangazo la mfadhili. Aanze pia kujifunza taratibu mapema, yaani kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, maana mradi usiohesabu muda wa kusubiri vibali unaweza kupoteza msimu mzima wa mvua.

Maabara_Kilifi:
Ndugu, nawaheshimu waliotangulia, ila hawajagusa suala la wadogo zako. Mimi niliacha utafiti baada ya mikataba kadhaa mifupi na sasa napima ubora katika kiwanda cha maziwa. Mbinu za maabara nilizojifunza kwenye utafiti ndizo zilizonipa kazi hii, kwa hiyo muda ule sikuupoteza, lakini ada za nyumbani zilikuwa zikisubiri kila mkataba ulipochelewa kuongezwa. Soma mkataba wako vizuri: je, NSSF imo, bima ya afya imo? Posho ya uwandani usiihesabu kama mshahara, kwa sababu mvua zikifunga barabara nayo inakatika.

Zuolojia_Moro:
Shukrani nyingi kwenu. NSSF imo, bima haijatajwa, na kuhusu masomo mkataba hausemi lolote. Mhadhiri, je, si utovu wa adabu kumuuliza mtafiti mkuu mambo hayo kabla sijasaini?

Mhadhiri_wa_Baiolojia:
Si utovu wa adabu hata kidogo. Mwandikie barua pepe fupi yenye heshima, umuulize kuhusu bima, fedha za mradi zinaisha lini, na ni wasaidizi wangapi waliopita kwake wamesoma uzamili au majina yao yametokea kwenye makala. Akikutajia hata wawili, nenda Kilombero. Akikwepa swali hilo, chukua ile nafasi ya kufundisha, na likizo zako uzitumie kujitolea katika maabara nyingine.