Kalkuleta ikigoma kwenye 70, watoto waambiwe ndiyo infiniti?

Baba Kisauni
Asalaam aleikum wana Mombasa. Mwanangu wa kidato cha tatu alikuwa akichezea kalkuleta, kile kitufe chenye alama ya mshangao kinachozidisha namba kwa zote zilizo chini yake mpaka moja. Akatia 5, ikampa 120. Akatia 10, ikampa 3,628,800. Akapanda hivyo mpaka 69, jibu likatoka. Kutia 70, kioo kikaandika kosa. Akampelekea mwalimu wake, akaambiwa, "Hapo umefika infiniti, kusiko na mwisho, hakuna jibu." Mimi ni seremala, lakini neno hilo limenikaa vibaya. 70 mara 69 mara 68, itakosaje jibu? Nauliza: kalkuleta ziondolewe madarasani, au walimu wafunzwe upya?

Fundi Tudor
Kaka, umefikiri sawa. Jibu la 69 lina tarakimu 99. Jibu la 70 lina tarakimu 101, na kalkuleta nyingi za mkononi hazivuki tarakimu 100. Moja ikifuatwa na sifuri 100 ina jina lake, googol, na jibu la mwanao ni googol moja na ushei. Nimelitafuta kwa kompyuta sasa hivi, limetoka lote mpaka tarakimu ya mwisho. Ila hata kompyuta, ukiihesabisha kwa njia yake ya kawaida ya desimali, inafika 170 tu. Ukitia 171 inakuandikia "infiniti". Maana yake imeshindwa kubeba. Namba yenyewe ipo na ina mwisho.

Mwalimu Likoni
"Walimu wafunzwe upya." Ahsante sana Baba Kisauni. Nina darasa la watoto 62, kipindi cha dakika 40, na silabasi ya kumaliza kabla ya Oktoba. Mtoto akija na swali lisilo kwenye silabasi mlango ukiwa tayari umefunguliwa, mtu hujibu linalokuja mdomoni. Si mimi niliyemjibu mwanao, lakini ningeweza kuwa mimi. Nyinyi wazazi lini mlikuja shuleni kuuliza jambo ila matokeo?

Baba Kisauni
Mwalimu, sikukusudia kuvunjia mtu heshima. Lakini "sijui, nitakuangalizia" hakuchukui dakika 40.

Msema Kweli wa Changamwe
Hapo Baba Kisauni kamaliza.

Mwalimu Likoni
Hajamaliza kitu. Yeye akikosea kupima ubao, meza ndiyo inayoyumba. Mimi nikisema sijui mbele ya watoto 62, wiki nzima siheshimiwi.

Mzee wa Barza
Wanangu, tulieni niwape mfano wa nyumbani. Bao letu lina mashimo 32. Tia punje moja ya mchele shimo la kwanza, la pili mbili, la tatu nne, la nne nane, kila shimo maradufu ya lililotangulia. Ukifika la mwisho utakuwa umetia punje laki 42,949 na 67,295. Punje 40 ni kama gramu moja, basi hiyo ni zaidi ya tani 107, magunia 2,147 ya kilo 50. Barza nzima hatukuamini mpaka kijana mmoja akatufanyia hesabu kwenye simu. Na mato yetu yaliona mashimo 32 tu, hayakuona magunia.

Kijana wa Bamburi
Mzee shikamoo. Lakini "laki" ni nini? Hicho ni Kihindi. Sema bilioni nne na milioni mia mbili tisini na nne watu waelewe.

Mzee wa Barza
Marahaba. Laki ni mia elfu, na tumelitumia pwani hii tangu babu zetu wakifanya biashara za majahazi. Watoa laki kwa kuwa ni la Kihindi, na bilioni ni la nani? La nyanyako?

Kijana wa Bamburi
Bilioni ni la dunia nzima. Laki liko hapa na Bara Hindi tu.

Binti Bandarini
La dunia nzima wapi. Waingereza wenyewe bilioni yao ilikuwa milioni milioni, serikali yao ikahamia ile ya Marekani, milioni elfu moja, mwaka 1974. Laki haijawahi kumchanganya mtu.

Msema Kweli wa Changamwe
Tukianza kufukuza maneno ya kigeni, sita, saba na tisa ziondoke pia, zote za Kiarabu. Haya, kijana, hesabu: nne, tano, halafu?

Mzee wa Barza
Tandatu, fungate, nane, kenda. Zilikuwepo. Fungate ya harusi ni zile siku saba. Na elfu ilikuwa kikwi. Kijana anapigania neno la Wazungu huku la kwake halijui!

Kijana wa Bamburi
Sawa Mzee, nimeshindwa kwa fungate. Lakini kwenye risiti ya benki siandiki vikwi.

Fundi Tudor
Jamani, mmepita juu ya dhahabu. Ule mfano wa bao ni kompyuta yenyewe. Kompyuta ni safu ya mashimo, na kila shimo lina thamani maradufu ya jirani yake. Kompyuta za mashimo 32 ukomo wake ni hiyohiyo namba ya Mzee, 4,294,967,295. Shimo moja likitumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, yanabaki 31, na ukomo unakuwa 2,147,483,647. Mwaka 2014 video ya wimbo mmoja wa Korea Kusini ilitazamwa mara nyingi mpaka ikavuka hapo kule YouTube, ikabidi waongeze mashimo mpaka 64. Na mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu 1970 itajaa tarehe 19 Januari 2038, kwetu Mombasa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi.

Msema Kweli wa Changamwe
Kuna roketi ya Wamarekani iliwahi kulipuka kwa jambo kama hilo.

Fundi Tudor
Ya Ulaya, Ariane 5. Ilirushwa kutoka Guyana ya Ufaransa tarehe 4 Juni 1996. Programu ilichukuliwa kwa Ariane 4, iliyokuwa na mwendo wa taratibu zaidi. Kipimo kimoja cha mwendo kikatiwa kwenye nafasi ya mashimo 16, moja la alama, ukomo wake 32,767. Kikafurika, mitambo ya kuongoza ikazima, na roketi ikapasuka hata dakika haijatimia. Haikuwa na mtu. Mzee, kwenye bao lako hayo ni mashimo 15 ya mwanzo, mchele usiofika kilo moja.

Binti Bandarini
Mimi nafanya kazi ya kutoa mizigo. Tulikuwa na orodha ya nambari za marejeo zenye tarakimu 18, mwenzangu akazibandika kwenye jedwali la kompyuta kama namba. Jedwali linashika tarakimu 15, tatu za mwisho zikageuka sifuri kimyakimya. Kalkuleta ya mtoto angalau ilisema kosa. Hili halikusema kitu. Nambari 11 zote zikawa moja, na mteja analipia kila siku kontena lake linapolala. Tangu siku hiyo naziingiza kama maandishi, si kama namba.

Ustadhi wa Majengo
Nimesoma kimya. Asiye na mwisho ni Mwenyezi Mungu peke yake. Kuwafunza watoto eti kuna namba isiyo na mwisho ni kucheza na akida zao.

Fundi Tudor
Ustadhi, kila namba ina mwisho. Kisicho na mwisho ni safu yake, ukitaja yoyote mimi naongeza moja. Georg Cantor, Mjerumani, alionyesha mwaka 1891 kwamba hata hizo zisizo na mwisho hazilingani: desimali zilizo kati ya 0 na 1 ni nyingi kuliko 1, 2, 3 na kuendelea, ukizioanisha vyovyote zitabaki. Na yeye mwenyewe alikuwa mcha Mungu, ile ya juu kabisa aliiweka kwa Mungu.

Ustadhi wa Majengo
Nisiloridhika nalo ni "kubwa kuliko isiyo na mwisho". Kwa lugha tu, hilo halisimami.

Mzee wa Barza
Kwa lugha nipo na Ustadhi.

Kijana wa Bamburi
Mzee, na kwa laki?

Mwalimu Likoni
Narudi kwa Baba Kisauni. Jana nimeandika 69 na 70 ubaoni nikawauliza watoto kwa nini moja inakubali na nyingine inagoma. Kipindi chote kimekwenda na silabasi haikusogea. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye sijamsikia tangu Januari, alisema, "Mwalimu, tugawanye kwanza kwa mia halafu tukumbuke sifuri mbili." Ilikubali.

Baba Kisauni
Mwalimu, Mungu akubariki. Huku kwangu kijana amelitoa bao la babu yake, amekaa sakafuni na mchele wa mamake tangu magharibi. Alihesabu punje moja moja mpaka shimo la 11, punje 2,047. La 12 limefurika, mchele uko mkekani, na mamake anauliza ni nani aliyemwanzishia mambo haya.