Parsele ya depo ya zamani: kukomba udongo inatosha?

Papa Mapasa: Jambo ba ndugu wa Lubumbashi. Kuna parsele banatuuzisha beyi ya chini sana, zamani ilikuwa depo, banunuzi ba madini balikuwa banapima na kumwanga mifuko pale myaka mingi. Tunataka kujenga nyumba, na mama apate fasi ya kulima lengalenga. Mwenyeji anasema tukombe udongo ya juu, tumwange mchanga, basi imeisha. Lakini jana tulienda na bibi yangu, tukaona pale karibu na ukuta hakuna hata jani moja, udongo iko kijani kama malakiti, lile jiwe ya shaba, na mutoto wetu wa myaka mitatu alikuwa amekwisha kuushika na kutia vidole mu kinywa. Nikamuosha palepale na maji ya chupa. Nilipe ama niache?

Mulimaji: Papa, usitie sahihi kwanza. Mimi ni agronomi. Metali haiozi. Mafuta ya gari yakimwagika, vijidudu vya udongo vinaweza kuyala polepole, lakini shaba, kobalti, risasi na kadmiamu vitabaki pale mpaka wajukuu wako wazae. Angalia Penga Penga, mtaa wa hapa Lubumbashi, moshi wa kiwanda cha shaba ulianza 1911, upepo ukawa unaupeleka upande ule, na kuna sehemu zimebaki uchi. Watu wa chuo kikuu walijaribu kutia chokaa na mbolea, wakapanda nyasi moja ngumu inaitwa Microchloa kunthii, ikashika. Ila chokaa haiondoi shaba, inaifunga tu isiyeyuke, na kama kuna arseniki, sumu nyingine ya madini, inaweza hata kuiachilia zaidi, ndiyo maana unapima kwanza. Chimba sehemu saba nane: karibu na ukuta, pale mizani ilikuwa, pale maji ya mvua yanatokea. Udongo wa sentimita 20 za juu, na mwingine wa chini yake, kila mmoja mfuko wake na alama yake, upeleke laboratwari.

Mama Divine: Pole kwa mutoto, papa. Risasi inaingia watoto zaidi kwa vidole na vumbi, kwa hiyo asirudi pale. Kwetu kuna parsele walikomba mwezi wa 9, udongo mukavu, vumbi ikajaa avenyi nzima, nguo kwenye kamba zikawa nyekundu, halafu lori ikaenda kumwaga yote kwenye korongo, mvua ilipoanza ikateremka mpaka kwenye bustani zetu za chini. Niling'oa lengalenga yote, nikalia. Muulize mwenyeji ule udongo unaenda wapi!! Na wakikomba, wamwagie maji kwanza, lori ifunikwe bashi (turubai). Mboga za mama mujengee vitanda vya matofali na udongo wa kutoka mbali.

Fundi Mwashi: Sheria 11/009 ya mwezi wa 7, 2011, ile ya mazingira ya inchi yetu Kongo, inasema mwenye kuchafua ndiye analipa. Andikisha kwenye karatasi ya mauzo nani anabeba gharama ya kusafisha, la sivyo itakuwa juu yako.

Papa Mapasa: Aksanti sana ba ndugu. Leo nilirudi na jembe peke yangu, nikachimba mpaka kwenye magoti, bado kijani. Nikamuonyesha mwenyeji, akapunguza beyi tena, bibi yangu anasema hiyo ndiyo inamuogopesha zaidi. Siku ya kwanza (lundi) ninaenda na mifuko minane, yeye mwenyewe awepo anaona, na bila majibu ya laboratwari sitoi hata franga.