Mjadala: Kufunga mwamba wa pweza, tutegemee kuaminiana au faini?

Assalaam alaykum. Hoja iliyo mbele yetu ni hii: kijiji cha pwani ya Pemba kikikubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu ili pweza wakue, je, watu waachwe waaminiane, au kamati ya wavuvi iweke doria na faini? Mchangiaji aliyetangulia ameandika kwamba faini ni kuwavunjia heshima watu waliokua pamoja. Naiheshimu hoja yake, lakini siikubali.

Kwamba watu huaminiana, hilo halina ubishi. Mwaka 1995 watafiti Joyce Berg, John Dickhaut na Kevin McCabe walichapisha jaribio ambamo mtu alipewa dola 10, na kiasi alichomtumia mwenziwe asiyemjua kilizidishwa mara tatu, kisha mwenziwe akawa huru kurudisha au kubaki na zote. Kwa hesabu ya ubinafsi mtupu, hakuna ambaye angetuma hata senti. Walituma 30 kati ya 32, wastani ukipita dola 5. Ila wastani uliorudishwa ulikuwa chini kidogo ya uliotumwa, na wapo waliokula zote.

Hao wachache ndio wanaoharibu, kwa kuwa wengi wetu hujizuia kwa sharti kwamba wenzetu nao wajizuie. Mama aliyeuacha mchokoo wake, fimbo ya kuchokolea pweza, nyumbani kwa bamvua mbili mfululizo (siku za maji kupwa sana), kisha akamwona jirani akipandisha pweza alfajiri kutoka mwamba uliofungwa, bamvua ya tatu naye atashuka, wala si kwa tamaa, bali kwa kukataa kufanywa mjinga. Wachumi Ernst Fehr na Simon Gächter walionyesha mwaka 2000, kwa jaribio la watu kuchangia mfuko wa pamoja, kwamba pasipo adhabu michango ya kikundi hupungua duru baada ya duru, na kwamba washiriki wakiruhusiwa kumwadhibu mkwepaji, hata kwa kutoa fedha zao wenyewe, michango hupanda. Tena wapo wavuvi wa dago, wanaopiga kambi kwa msimu na kuondoka. Mtafiti Robert Axelrod alieleza kuwa kutendeana wema kwa zamu husimama pale watu wanapotarajia kukutana tena. Kwa mgeni wa dago tarajio hilo ni dogo.

Hata hivyo, siungi mkono faini yoyote ile. Katika utafiti wa Uri Gneezy na Aldo Rustichini, vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel, vilipoanza kuwatoza wazazi waliochelewa kuwachukua watoto, ucheleweshaji uliongezeka takriban maradufu, maana kosa liligeuka huduma ya kununuliwa, na faini ilipofutwa mazoea yakabaki. Faini ndogo iliyopangwa mjini italeta hayo hayo hapa: mwenye fedha atalipa na kuendelea kuchokoa.

Kwa hiyo adhabu zipangwe na wavuvi wenyewe, wake kwa waume, mkutanoni, na walinzi watoke miongoni mwao. Kosa la kwanza mtu aitwe mbele ya kamati. La pili alipe. La tatu azuiwe kushuka siku ya ufunguzi, adhabu ambayo fedha haiwezi kuifuta. Adhabu za kupanda ngazi namna hii Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alizikuta katika jamii zilizotunza mali zao za pamoja kwa vizazi vingi.

Sasa namwomba mwenzangu anayepinga anijibu: mama yule aliyejizuia, ikiwa hana pa kumshitaki aliyeiba, atakubali kwa msingi gani mwamba ufungwe mara ya pili?