Dawa za Kichina baada ya upasuaji wa saratani ya utumbo mpana: zipi zianze, zipi zisubiri?

Mwanakwetu_GZ
Wakuu, naomba mwongozo. Mgonjwa kafanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, sehemu ya chini kabisa, hapa Guangzhou. Leo siku ya sita. Anakunywa uji, anachomwa enoksaparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) kila jioni, na vidonge vya kemo (kapesitabini) vitaanza baadaye. Kitengo cha tiba ya Kichina kimeandika mitishamba hii: huangqi gramu 30, dangshen 15, baizhu 12, fuling 15, danggui 10, gancao 6. Ni salama? Zinachemshwaje? Na sindano za Kichina (akupancha) je?

Mfamasia_Mkongwe
Ndugu, kwanza utumbo uwe umeamka: hewa inatoka, tumbo halijavimba, uji unakaa. Kabla ya hapo kikombe cha dawa kitamtapisha tu, na kutapika kunavuta mshono.

Dangshen, baizhu, fuling na gancao ni Si Jun Zi Tang, fomula ya zamani ya kurudisha hamu ya kula, ila dangshen imewekwa badala ya ginseng. Inayonitia shaka ni danggui. Inajulikana kuzidisha nguvu ya warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na sioni sababu ya kuijaribu juu ya enoksaparini wakati kidonda bado kibichi. Sindano za enoksaparini mara nyingi huendelea hadi siku 28 baada ya upasuaji wa saratani ndani ya tumbo. Mwombe daktari aiondoe danggui mpaka sindano hizo ziishe.

Dukani soma herufi moja moja. *Dangshen* (党参) ni mzizi wa rangi ya kahawia hafifu, mtamu ukitafuna. *Danshen* (丹参) ni mwekundu, nao huongeza hatari ya kuvuja damu. Tofauti ni "g" moja.

Kemo ikikaribia, mpelekee daktari wa saratani orodha nzima, majina kwa maandishi ya Kichina na gramu zake. "Anakunywa mitishamba" haimsaidii kuamua chochote.

Chungu_cha_Udongo
Kuchemsha: tumia chungu cha udongo au sufuria ya enameli, si ya chuma wala alumini. Loweka nusu saa kwa maji baridi yanayozidi dawa kwa vidole viwili. Yakichemka, punguza moto, acha dakika 30 hadi 40, chuja. Ongeza maji, rudia dakika 20 hadi 25. Changanya maji ya mara zote mbili, kisha gawa asubuhi na jioni, vuguvugu, baada ya chakula. Watu wengi hunywa ya kwanza na kuibakiza ya pili, hivyo kipimo cha asubuhi kinakuwa kikali kuliko cha jioni.

Sindano_na_Nukta
Kwa utumbo uliolala, sindano za Kichina zina ushahidi mzuri zaidi. Jaribio la Hong Kong lililochapishwa 2013, wagonjwa 165 waliofanyiwa upasuaji wa matundu madogo, lilionyesha kuwa sindano zenye umeme hafifu ziliwahisha choo na kufupisha siku za kulazwa. Nukta kuu ni Zusanli: vidole vinne chini ya kifuniko cha goti, upana wa kidole kimoja nje ya mfupa wa ugoko. Kichefuchefu, bonyeza Neiguan: vidole vitatu juu ya mkunjo wa kifundo cha mkono, katikati ya kano mbili, dakika 2 au 3. Kubonyeza hakuhitaji ruhusa ya mtu. Sindano zinahitaji, maana yupo kwenye enoksaparini, na kemo ikianza lazima chembe sahani (za kugandisha damu) na chembe nyeupe za damu zipimwe kwanza.

Mwanakwetu_GZ
Asanteni sana. Nilisahau: ana mfuko wa choo tumboni, wa utumbo mwembamba. Jana ulitoa karibu lita moja na nusu.

Mfamasia_Mkongwe
Hapo mambo yanabadilika, ndugu. Simamisha dawa yote leo. Gancao hushusha potasiamu, na mfuko unaotoa kiasi hicho unampokonya chumvi na maji tayari. Hata maji matupu ya dawa huzidisha kinachotoka. Waambie wauguzi sasa hivi wapime sodiamu, potasiamu, magnesiamu na figo, na uliza kama apewe maji ya chumvi na sukari (ORS) badala ya maji ya kawaida.